Nina hisa asilimia 51, lakini nimeambiwa huenda nikanyimwa cheti cha SDVOSB. Kasoro iko wapi?

Askari wa Miguu (mwanzisha mada)

Ndugu zangu, salamu kwenu nyote. Naomba mwongozo wa wenzangu mliokwisha kupita njia hii. Nilitumikia Jeshi la Nchi Kavu la Marekani kwa miaka 6 nikatoka kwa heshima, nikiwa na jeraha la mgongo ambalo Idara ya Masuala ya Wanajeshi wa Zamani, yaani VA, imelikadiria kuwa ulemavu wa asilimia 30. Miaka mitatu iliyopita nilifungua kampuni ya usafi wa majengo pamoja na shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ambaye hakuwahi kuwa jeshini. Kampuni imesajiliwa kama LLC, yaani kampuni yenye dhima yenye ukomo, ambayo wamiliki wake huitwa wanachama. Mimi nina asilimia 51 ya umiliki, naye ana 49. Tuna wafanyakazi tisa na tunasafisha ofisi na kliniki za watu binafsi.

Mwezi uliopita niliona zabuni ya kusafisha jengo moja la VA, imeandikwa wazi kuwa imetengwa kwa biashara ndogo zinazomilikiwa na wanajeshi wa zamani wenye ulemavu uliotokana na utumishi, yaani SDVOSB, na kwamba mwombaji lazima awe amekwisha kupata cheti. Niliamini kwamba asilimia zangu 51 zinatosha. Mwenzangu mmoja aliyewahi kuomba akaniuliza maswali matatu ambayo yameninyima usingizi.

La kwanza, makubaliano yetu ya uendeshaji yanasemaje? Tuliyapakua mtandaoni usiku mmoja tukajaza majina tu. Nilipoyasoma upya nikakuta kifungu kisemacho kwamba uamuzi wowote mkubwa, ikiwamo kukopa fedha, kununua vifaa vya thamani kubwa na kubadili bajeti, utahitaji ridhaa ya wanachama wote. La pili, mimi nashinda wapi mchana? Kusema kweli, nimeajiriwa katika ghala kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni, kisha jioni ndipo ninapoingia kwenye shughuli za kampuni. La tatu, nani analipwa zaidi? Shemeji ndiye anayelipwa zaidi, kwa kuwa ndiye anayezunguka na wafanyakazi kila usiku.

Juu ya hayo, tangu nilipojisajili SAM.gov, tovuti ya serikali ya kusajili wanaotaka mikataba yake, napigiwa simu na watu wasiojitambulisha vizuri, na mmoja amenitaka nilipe dola 1,500 ili anipatie cheti haraka. Naomba mnieleze ukweli wa mambo haya, na kama kuna njia ya kuyarekebisha bila kuharibu undugu wetu.

---

Baharia Mstaafu

Kaka, pole kwa wasiwasi, na nakushukuru kwa kuyaweka mambo yote mezani bila kuficha. Nilikuwa Jeshi la Majini, nina kampuni ndogo ya kutengeneza mifumo ya viyoyozi, na maombi yangu ya kwanza yalikataliwa kwa sababu inayofanana sana na kifungu chako hicho, kwa hiyo naongea kwa uchungu wa mtu aliyepoteza miezi.

Kinachowapotosha wengi wetu ni kudhani kwamba kumiliki na kudhibiti ni jambo moja. Kanuni za SBA, ambayo ni Mamlaka ya Biashara Ndogo ya serikali ya shirikisho, zinadai yote mawili kwa pamoja: mwanajeshi wa zamani mwenye ulemavu awe na umiliki wa angalau asilimia 51, wa moja kwa moja na usiofungwa na masharti, na pia awe ndiye anayeendesha shughuli za kila siku na kuamua mwelekeo wa muda mrefu wa kampuni. Katika LLC, maana yake ni kwamba wewe ndiwe uwe mwanachama msimamizi na uwe na mamlaka juu ya maamuzi yote. Mkaguzi hatakuuliza kama shemeji yako ni mtu mwema asiyekukatalia jambo. Atasoma karatasi na kujiuliza kama, kwa mujibu wa karatasi hiyo, shemeji anaweza kusema hapana nawe ukakwama. Kwa kifungu chako, anaweza.

Yapo maamuzi machache tu ambayo kanuni zinaruhusu mwenye hisa asiye mwanajeshi wa zamani awe na sauti ya kuyazuia, nayo huitwa mazingira yasiyo ya kawaida, miongoni mwayo: kuingiza mwenye hisa mpya, kuivunja kampuni, kuiuza kampuni, kuiunganisha na nyingine, na kutangaza kufilisika. Sheria imeona kwamba aliyeweka fedha zake humo anastahili kulindwa dhidi ya kuamka siku moja akakuta kampuni imeuzwa. Lakini kukopa hakumo katika orodha hiyo, kununua mashine hakumo, na bajeti haimo.

Yangu ilikuwa hivi. Mbia wangu, ambaye ni rafiki wa miaka mingi, aliomba tuweke maneno kwamba mkopo wowote upitishwe na sisi wawili, nami nikakubali kwa sababu lilikuwa ombi la haki kati ya marafiki. Sentensi moja tu, katika ukurasa wa tisa wa makubaliano yetu. Barua ya kukataliwa iliinukuu sentensi ile neno kwa neno. Nilikuwa na haki ya kukata rufaa katika Ofisi ya Usikilizaji na Rufaa ya SBA ndani ya siku 10 za kazi, lakini wakili aliniambia, na naona alisema kweli, kwamba rufaa huangalia kama mkaguzi alikosea, na katika suala langu mkaguzi hakukosea. Karatasi ndiyo iliyokuwa na kosa. Nikaifanyia marekebisho, nikasubiri siku 90 zinazotakiwa kabla ya kuomba tena, na safari ya pili nikapata.

Kwa hiyo ushauri wangu ni kwamba usibonyeze kitufe cha kuwasilisha maombi kabla hujabadilisha makubaliano hayo. Ukae na shemeji yako, mweke ulinzi wake katika yale mambo machache yanayoruhusiwa na mengine yote yawe chini yako, kisha msaini na kuweka tarehe. Mtafute wakili anayezijua kanuni hizi, maana wakili mzuri wa biashara asiyezijua atawaandikia makubaliano mazuri yatakayokataliwa. Na mkimaliza karatasi hiyo, angalieni na ya benki: kama hundi za kampuni zinahitaji saini mbili, hilo nalo ni lango la shemeji kusema hapana.

---

Dada wa Zabuni

Nimefanya kazi ya kuandaa zabuni kwa kampuni ndogo kwa miaka kadhaa, na naomba nianze na hizo simu kwa sababu zinawaumiza watu wetu kila siku. Usimlipe mtu huyo hata senti moja. Kujisajili SAM.gov ni bure, kuhuisha usajili kila mwaka ni bure, na kuomba cheti cha SBA ni bure. Simu zinaanza mara tu unapojisajili kwa sababu taarifa za kampuni yako zinaonekana hadharani. Si kwamba mpigaji ana uhusiano wowote na serikali. Hakuna anayeweza kukuuzia njia ya haraka. Kanuni inasema SBA hutoa uamuzi ndani ya siku 90 baada ya kupokea maombi yaliyokamilika pale inapowezekana, na katika sentensi hiyo neno la kulishika ni *yaliyokamilika*.

Ukitaka msaada wa mtu, upo wa halali usio na malipo. Vituo vya APEX Accelerators, ambavyo zamani vilijulikana kwa jina la PTAC, vina washauri wa mikataba ya serikali katika majimbo mengi, na SBA inafadhili vituo vya biashara vya wanajeshi wa zamani viitwavyo VBOC. Waombe wasome karatasi zako kabla hujaziwasilisha.

Kuhusu ulemavu wako, ondoa hofu. Programu ya shirikisho haina kiwango cha chini cha asilimia. Hata mwenye barua ya VA inayotambua ulemavu uliotokana na utumishi kwa asilimia 0 anahesabika. Nalisema kwa sababu nimewaona watu wakijitoa wenyewe kwa kudhani ulemavu wao ni mdogo mno, ilhali wana haki kamili. Pengine wanachanganya na programu za majimbo, ambazo zina masharti yake. California, kwa mfano, ina cheti chake kiitwacho DVBE ambacho kinataka ulemavu wa angalau asilimia 10 na makazi katika jimbo hilo. Hicho na hiki cha shirikisho ni vitu viwili tofauti.

Jambo jingine ambalo mtu anaweza kukupotosha nalo: zamani ulikuwa unaweza kujitangaza mwenyewe SDVOSB katika SAM.gov na kushindania zabuni za idara nyingi, na ni VA peke yake iliyodai uthibitisho wake. Tangu tarehe 1 Januari 2023 kazi ya kuthibitisha ilihamishwa kutoka VA kwenda SBA, na baadaye sheria ikaifuta kabisa njia ya kujitangaza. Akikwambia mtu kwamba weka alama ya tiki tu inatosha, anaongea habari za miaka iliyopita.

Na tafadhali, hakikisha jina la kampuni limeandikwa vilevile kila mahali. Kama cheti cha jimbo cha usajili wa kampuni kinasema LLC na SAM.gov umeandika bila LLC, au anwani moja ina namba ya chumba na nyingine haina, utaulizwa, na kila swali ni siku zinazokupita.

---

Mhasibu wa Zamu ya Usiku

Waliotangulia wamesema vizuri juu ya makubaliano. Mimi nitagusa mshahara na saa za kazi, kwa kuwa hapo ndipo ndugu yetu ameguswa zaidi na ndipo penye maelezo marefu kidogo.

Mbia asiye mwanajeshi wa zamani kulipwa zaidi ya kiongozi mkuu wa kampuni ni miongoni mwa dalili ambazo SBA huziangalia inapotafuta ni nani hasa mwenye kampuni. Unaweza kueleza sababu, na kama kweli umechagua kujilipa kidogo ili kampuni ikue, andika hivyo na uonyeshe kwamba ni uamuzi wako uliofanywa kwa faida ya kampuni. Hata hivyo, kwa maoni yangu, pale mshahara mkubwa wa shemeji unapokutana na wewe kuajiriwa kwingine mchana kutwa, mkaguzi ataona picha moja tu: kwamba shemeji ndiye kampuni na wewe ndiwe jina. Najua si kweli, lakini jiweke katika kiti cha mtu anayesoma faili lako bila kukufahamu. Vilevile faida inapogawanywa, wewe unapaswa kupata angalau asilimia 51. Angalieni kama makubaliano yenu hayakuweka nusu kwa nusu mahali fulani, maana hati nyingi za kupakua huweka hivyo.

Kuhusu ajira ya ghala: kanuni inaweka dhana kwamba mtu asiyeweza kuifanyia kampuni kazi katika saa za kawaida za sekta hiyo, kwa sababu ya ajira nyingine au masomo, haidhibiti kampuni. Ni dhana inayoweza kupingwa kwa ushahidi, na hapa una hoja ambayo mwenye duka la mchana hana. Usafi wa ofisi hufanywa jioni na usiku, watu wakishaondoka. Ukiweza kuonyesha ratiba za zamu, saa za kufungua na kufunga majengo unayosafisha, na barua pepe zako za kuagiza sabuni na kupanga wafanyakazi, umeonyesha kwamba saa za sekta yako ni saa ambazo wewe upo. Lakini jiulize bila kujidanganya: mteja akipiga simu saa nne asubuhi kwamba maji yamemwagika ukumbini, anayepokea ni nani? Bima ikitakiwa kusainiwa saa sita mchana, anasaini nani? Kama jibu ni shemeji, basi hoja ya usiku haitakufikisha mbali, na pengine ni wakati wa kuzungumza na mwajiri wako kuhusu kubadilisha zamu.

Ukubwa wa kampuni usikusumbue. Usafi wa majengo una namba 561720 katika NAICS, mfumo wa namba za kuainisha aina za biashara, na kikomo cha biashara ndogo ni wastani wa mapato ya dola milioni 22 kwa mwaka. Hata hivyo, kama shemeji ana kampuni nyingine, itaje, kwa sababu kampuni zenye uhusiano wa udhibiti hujumlishwa.

---

Kamanda wa Kikosi Kidogo

Naunga mkono yaliyosemwa, ila nina neno la kuongeza kwa mtu anayetafuta cheti kwa sababu ya zabuni moja aliyoiona.

Cheti kinakuruhusu kuingia uwanjani, hakikupi mkataba. Ni kweli kwamba uwanja wenyewe ni mpana: lengo la serikali ya shirikisho kwa kampuni kama zetu lilikuwa asilimia 3 ya thamani ya mikataba tangu sheria ya mwaka 1999, na sasa limepandishwa hadi asilimia 5. VA ina wajibu mzito zaidi ya idara nyingine. Mwaka 2016 Mahakama ya Juu, katika kesi ya Kingdomware, iliamua kwa kauli moja kwamba ofisa wa mikataba wa VA akiwa na sababu ya kutarajia kwamba kampuni mbili au zaidi za wanajeshi wa zamani zitaomba kazi kwa bei ya haki, lazima aitenge kazi hiyo kwa ajili yao, na kwamba kufikia malengo ya mwaka hakumwondolei wajibu huo. Nakumbuka siku hukumu ile ilipotoka. Sisi tuliokuwa tunagonga milango ya ofisi za manunuzi tulijua kwamba sasa tuna kitu cha kushika mkononi.

Lakini ukishinda, utaulizwa nani anafanya kazi. Katika mkataba wa huduma uliotengwa, huruhusiwi kuzilipa kampuni nyingine zisizo na hadhi kama yako zaidi ya asilimia 50 ya fedha unazolipwa. Mkataba ukiwa wa dola 200,000, basi dola 100,000 ndiyo mwisho wa kutoa nje. Wafanyakazi tisa wanasafisha mita ngapi za mraba kwa usiku mmoja? Fanya hesabu hiyo kabla ya kuandika bei.

Nasema hili pia kwa sababu wako watu wanaomtafuta mwanajeshi wa zamani mwenye ulemavu, wakamweka mbele kama bango, kisha kazi na fedha zikaenda kwa wengine. Nimewahi kufuatwa na kampuni moja kubwa kwa ombi la namna hiyo, wakaniahidi mshahara wa kukaa nyumbani. Adhabu yake ni kifungo, faini na kufungiwa mikataba ya serikali, na anayetangulia kuitwa ni yule aliyesaini. Simtuhumu shemeji wa ndugu yetu hata kidogo. Nataka tu afahamu kwa nini wakaguzi wanasoma kila sentensi kwa jicho kali: kila kampuni ya bango inayopita inachukua nafasi ya mtu aliyeumia kweli.

---

Askari wa Miguu (mwanzisha mada)

Wakubwa zangu, nimewasoma wote, na mengine nimeyasoma mara mbili. Jana jioni nilikaa na shemeji mezani, tukachapisha makubaliano yote, kila mmoja akashika kalamu. Nilipomsomea kifungu cha ridhaa ya wanachama wote alinyamaza kitambo, kisha akaniuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake: kama tunabadilisha sasa, je, tunaweza kurudisha maneno yale cheti kikishatoka, ili naye awe na sauti kama zamani? Hakuuliza kwa ubaya. Ameweka akiba yake humu. Pia nimegundua kwamba mgawo wa faida umeandikwa nusu kwa nusu, kama mhasibu alivyohofia.

---

Baharia Mstaafu

Jibu ni hapana, kaka, na umweleze kwa upole lakini kwa uwazi. Masharti unatakiwa kuyatimiza kwa muda wote ulio na cheti, si siku ya kuomba peke yake. Badiliko lolote linalogusa umiliki au udhibiti lazima SBA waarifiwe ndani ya siku 30, na kila baada ya miaka mitatu utathibitishwa upya kwa karatasi zako za wakati huo. Kurudisha maneno kimyakimya ni kusaini jambo ambalo unajua si kweli.

Ila mwambie na upande wake. Asilimia zake 49 zinabaki zake. Kampuni haiwezi kuuzwa, kuunganishwa wala kuvunjwa bila yeye, mkiliandika hivyo. Akitaka ulinzi wa fedha zake zaidi ya hapo, wakili anaweza kuwawekea haki ya kuona vitabu vya hesabu wakati wowote, ambayo haimpi uwezo wa kukuzuia. Mbia wangu alikubali kwa msingi huo, na tuko naye hadi leo.

---

Askari wa Miguu (mwanzisha mada)

Nashukuru sana, kaka. Nimemsomea maneno yako kama yalivyo. Amesema haki ya kuona vitabu ndiyo aliyokuwa akiitaka tangu mwanzo, hakujua tu namna ya kuiomba. Jumatatu tuna miadi katika kituo cha APEX, sote wawili tunakwenda, na kesho naongea na msimamizi wa ghala kuhusu kupunguziwa siku. Zabuni ile ya VA inafungwa kabla sijaweza kuwa na cheti, kwa hiyo hiyo nimeiacha ipite.